Tundu Lina Habari Zake: Jinsi ya Kuzuia na Kuziba Pancha ya Pikipiki

Siku hizi pikipiki huonekana karibu kila pembe ya nchi ya Kenya. Mkulima huitumia kupeleka maziwa sokoni, mwalimu huipanda kwenda shuleni, mgonjwa hubebwa nayo mpaka zahanati, na vijana wengi sana hupata riziki yao kwa kuwachukua abiria. Kazi hiyo huitwa bodaboda, jina lililotokea mpakani huko Busia, kati ya Kenya na Uganda, ambako zamani watu walivushwa kwa baiskeli kutoka upande mmoja wa mpaka hadi wa pili, kabla pikipiki hazijashika mahali pa baiskeli.

Lakini chombo hiki chote, pamoja na injini yake, mzigo wake na watu walio juu yake, huigusa ardhi mahali pawili tu, na kila mahali hapo si pakubwa kuliko kiganja cha mtu. Tena kinachowabeba watu hao si mpira hasa, bali ni upepo uliofungwa ndani ya mpira. Upepo huo ukitoka polepole, mwendeshaji hupoteza saa na fedha zake. Ukitoka ghafula, aweza kupoteza uhai wake na wa abiria wake.

Watu wengi hudhani kwamba pancha ni bahati mbaya tu. Mtu humpelekea fundi gurudumu lake, tundu huzibwa, hulipa, huenda zake. Kesho yake hurudi akisukuma pikipiki, na pancha iko pale pale. Hapo humlaumu fundi, au huilaumu gundi, au husema yuko mtu amemfanyia kijicho. Kumbe mwiba uliotoboa jana bado umekaa ndani ya tairi, unangoja tyubu ijazwe upepo ili uitoboe tena. Somo hili lina neno moja kubwa la kushika: kila tundu lina sababu, na sababu hiyo yaweza kusomwa kwa macho na kwa vidole. Asiyeitafuta sababu ameziba tundu, lakini hajaondoa pancha.

TAIRI LILIKOTOKA

Magurudumu ya kale yalikuwa ya mti uliovishwa chuma, na baadaye yakavishwa mpira mgumu usio na upepo. Mwaka 1845 mtu wa Scotland jina lake Robert William Thomson alipata hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake wa gurudumu lenye upepo, lakini watu hawakulitumia sana, na habari yake ikasahauliwa. Mwaka 1888 Mskoti mwingine, John Boyd Dunlop, aliyekuwa daktari wa wanyama katika mji wa Belfast huko Ireland, alipata hati kama hiyo baada ya kulitia gari la mwanawe la magurudumu matatu mipira yenye upepo, ili lisimtikise mtoto juu ya mawe.

Matairi hayo ya kwanza yaligandishwa kwenye rimu kwa gundi, na pancha moja ilikuwa taabu kubwa. Mwaka 1891 ndugu wawili wa Kifaransa waitwao Michelin walitengeneza tairi la baiskeli linaloweza kutolewa kwenye rimu na kurudishwa upesi. Mwaka huo huo Charles Terront alilitumia akashinda mashindano ya baiskeli ya kutoka Paris mpaka Brest na kurudi, safari ya kilomita 1,200 hivi. Tangu siku hizo ilijulikana kwamba sifa ya tairi jema si kutotoboka kamwe, bali ni kuweza kufunguliwa, kutazamwa na kutengenezwa.

SEHEMU ZA GURUDUMU

Pikipiki nyingi za bodaboda zina gurudumu la spoki. Nje kuna tairi, ambalo kazi yake ni kushika barabara na kuukinga mpira wa ndani. Ndani yake kuna tyubu, ambayo ndiyo ishikayo upepo. Tyubu ina valvu ya kuingizia upepo, na ndani ya valvu kuna kipini chenye springi kinachouzuia upepo usirudi. Tairi hushikwa na rimu, na katikati ya rimu kuna bonde linalozunguka pande zote. Bonde hili litatajwa tena, maana ndilo siri ya kulitoa tairi bila ya kutumia nguvu nyingi. Ncha za spoki hutokea ndani ya bonde hilo, nazo hufunikwa kwa utepe wa mpira ili zisiichome tyubu.

Ubavuni mwa tairi mna maandishi yanayofaa kusomwa. Hesabu kama 3.00-17 maana yake ni kwamba tairi lina upana wa inchi 3 na hukaa juu ya rimu ya inchi 17. Tyubu sharti iwe ya kipimo hicho hicho. Tyubu kubwa mno hujikunja ndani ya tairi na kukatika mahali ilipojikunja; ndogo mno huvutwa ikawa nyembamba, na tundu dogo hugeuka kuwa mpasuko. Mshale uliochorwa ubavuni huonyesha upande ambao gurudumu litazungukia pikipiki ikienda mbele. Tena karibu na herufi DOT aghalabu mna tarakimu nne zinazoonyesha juma na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Mnunuzi mwenye busara huzitazama tarakimu hizo kabla ya kutoa fedha, kwa sababu mpira huzeeka hata ukiwa dukani.

KINGA YA KWANZA NI UPEPO WA KUTOSHA

Pancha nyingine haziletwi na msumari, bali na uvivu wa kupima upepo. Tairi lisilo na upepo wa kutosha hubonyea kila linapozunguka. Kubonyea na kunyooka huko hutoa joto, kama vile kipande cha waya kinavyopata moto mtu akikikunja na kukikunjua mara nyingi. Joto hilo hudhoofisha mpira na kuachanisha viraka. Tena tairi laini likigonga jiwe au ukingo wa shimo, tyubu hubanwa kati ya tairi na rimu, ikakatika kama iliyoumwa na nyoka.

Kwa pikipiki nyingi ndogo zinazobeba abiria, tairi la mbele huhitaji karibu ratili 25 za upepo kwa kila inchi ya mraba. La nyuma huhitaji karibu 28 mwendeshaji akiwa peke yake, na karibu 32 akiwa na abiria. Kipimo hicho huandikwa PSI juu ya geji. Hata hivyo pikipiki hazifanani, na mwamuzi wa kweli ni kitabu cha pikipiki yenyewe, au karatasi iliyobandikwa na wenye kiwanda karibu na cheni. Upepo upimwe asubuhi, matairi yakiwa baridi, kwa kuwa joto la safari huupandisha upepo na geji ikasema uwongo. Kulipiga tairi teke si kupima. Mguu hauwezi kutofautisha ratili 20 na 30.

Kwa upande mwingine, si vema kujaza kupita kiasi kwa kudhani kwamba tairi gumu halitoboki. Tairi gumu mno hurukaruka, hushika barabara kwa sehemu ndogo, na hukatwa upesi na mawe makali.

MZIGO, NJIA NA UZEE WA TAIRI

Kila tairi limetengenezwa kubeba uzito wenye kiasi. Sheria ya Kenya humruhusu mwendeshaji wa pikipiki kuchukua abiria mmoja tu. Wengine huidharau sheria hiyo wakawapanga watu watatu, au gunia tatu za makaa, na kuona wamepata faida. Lakini tairi la nyuma huifanya hesabu ile kimyakimya, nalo hudai deni lake mteremkoni, wakati mwenyewe hayuko tayari kulipa.

Njia nayo huchangia. Katika nchi kavu miiba ya migunga huanguka njiani na kulala ncha zikiwa juu. Huko Baringo kuna mti uitwao mathenge, uliopandwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kuizuia ardhi isiwe jangwa. Nao umeenea mno, na miiba yake hupenya soli ya kiatu na hata tairi. Mijini adui ni msumari wa mahali pajengwapo nyumba, kipande cha chupa, na nyuzi nyembamba za chuma zinazobaki barabarani pale palipochomwa matairi ya magari. Ukingoni mwa barabara ndiko takataka hizo zinakosukumwa na magari, basi mwendeshaji asipende kupita pembeni kabisa bila sababu, wala asipite juu ya asichokijua.

Tairi lililokwisha meno ni jembamba, na mwiba ambao ungevunjikia njiani hufika kwenye tyubu. Ndani ya mifereji ya tairi kuna vinundu vidogo, na mahali vilipo huonyeshwa ubavuni kwa herufi TWI au kwa alama ya pembe tatu. Meno yakilingana na vinundu hivyo, tairi limekwisha kazi yake, hata kama bado linazunguka. Vilevile tairi lenye nyufa ubavuni au uvimbe kama jipu lisiaminiwe.

Kazi ya kukagua haizidi dakika chache kila asubuhi. Pikipiki isimamishwe juu ya stendi kubwa, gurudumu lizungushwe polepole kwa mkono, na macho yafuate meno ya tairi. Jiwe dogo au kioo kilichojipenyeza kitolewe kwa ncha ya bisibisi kabla hakijaingia ndani. Spoki ziguswe moja moja, iliyolegea ikazwe. Kifuniko cha valvu kiwepo mahali pake, kwa kuwa huzuia vumbi na mchanga usiingie kwenye kipini.

PANCHA IKITOKEA NJIANI

Tairi la mbele likiishiwa upepo, usukani huwa mzito na kuyumba. La nyuma likiishiwa, mkia wa pikipiki hucheza huku na huku kama samaki. Jambo la kwanza ni kutoshtuka. Mwendeshaji aushike usukani kwa mikono miwili, apunguze mafuta polepole, aende moja kwa moja, wala asikate kona. Asikanyage breki kwa nguvu, na hasa asiifunge breki ya gurudumu lililotoboka. Atumie kwa upole ile ya gurudumu zima. Akiisha kupunguza mwendo, atoke barabarani kabisa, abiria ashuke na kusimama mbali na magari.

Kosa kubwa ni kuendelea na safari juu ya tairi tupu kwa kusema, "Fundi yuko karibu." Mwendo mfupi tu watosha kuitafuna tyubu ikawa vipande, kukata ubavu wa tairi, na kupinda rimu. Tundu ambalo lingezibwa kwa kiraka kimoja hugeuka kuwa gharama ya tyubu, tairi na rimu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

KULITOA GURUDUMU NA TYUBU

Vyombo vinavyohitajiwa ni hivi: spana za nati za gurudumu, mitaimbo miwili au mitatu midogo ya tairi yenye ncha za mviringo, msasa, gundi ya mpira, viraka, chaki, pampu, na maji ndani ya karai. Bisibisi isitumiwe badala ya mtaimbo, maana ncha yake hutoboa tundu la pili wakati la kwanza halijazibwa.

Injini izimwe, na bomba la moshi liachwe lipoe. Pikipiki isimame juu ya stendi mahali pa sawa. Kabla ya kufungua chochote, fundi aangalie vizuri jinsi vitu vilivyokaa: cheni, alama za kurekebishia cheni, fimbo ya breki, na kila bushi ya ekseli. Kila kitu kinachotolewa kilazwe juu ya kitambaa kwa utaratibu wa kutoka kwake.

Sasa chaki ipigwe alama ubavuni mwa tairi, mkabala wa valvu. Alama hii ndogo ndiyo itakayomwonyesha fundi mahali mwiba ulipo. Kisha kipini cha valvu kitolewe ili upepo wote utoke, na nati ya valvu ifunguliwe. Ukingo wa tairi ukanyagwe mpaka uachane na rimu pande zote. Upande ulio mkabala wa valvu ukingo usukumwe ndani ya lile bonde la rimu, hapo mahali pa valvu patalegea, na mtaimbo utaingia bila ya kutumia nguvu. Fundi anayetoka jasho jingi hapa ajue kwamba amelisahau bonde. Maji yenye sabuni husaidia. Mafuta ya injini au grisi yasitumiwe, kwa sababu huudhuru mpira.

KULISOMA TUNDU

Tyubu ikiisha kutolewa, ijazwe upepo kidogo na kuzamishwa majini sehemu kwa sehemu. Mapovu yataonyesha tundu. Mahali pasipo maji, mtu aipitishe karibu na shavu lake au midomo iliyolowa, naye atausikia upepo. Tundu lipigwe alama kwa chaki, lakini lisizibwe bado. Kwanza lisomwe.

Tundu moja dogo upande wa nje wa tyubu, yaani upande unaotazama barabara, ni kazi ya mwiba, msumari au waya.

Matundu mawili yaliyo sambamba, kama meno ya nyoka, ni alama ya tyubu iliyobanwa na rimu. Hapa hakuna mwiba wa kutafutwa. Dawa ni upepo wa kutosha na mzigo wa halali.

Tundu upande wa ndani, unaotazama rimu, limetokana na ncha ya spoki, au kutu, au utepe wa rimu uliochakaa. Spoki ipigwe tupa, kutu ipanguswe kwa msasa, na utepe mpya uwekwe.

Mpasuko kwenye shina la valvu huonyesha kwamba tairi lilizunguka juu ya rimu kwa kukosa upepo, likaivuta tyubu pamoja nalo. Tyubu ya namna hii haina kiraka, ibadilishwe.

Upepo unaotoka pembeni mwa kiraka cha zamani hushuhudia kwamba aliyekibandika hakusafisha vizuri au alifanya haraka.

Na ikiwa hakuna tundu lolote, kipini cha valvu kirudishwe na mate kidogo yatiwe juu ya mdomo wake. Yakitoa povu, ugonjwa uko kwenye kipini, na kipini kipya ni cha bei ndogo kuliko tyubu.

Sasa tyubu ilazwe juu ya tairi kama ilivyokuwa ndani, valvu ikielekea alama ya chaki. Ikiwa tundu liko shubiri mbili kutoka kwenye valvu, basi na mwiba uko shubiri mbili kutoka kwenye alama. Mahali hapo patazamwe nje na ndani. Kisha ndani ya tairi lote papitishwe kitambaa polepole. Kitambaa kitanaswa na ncha ambayo jicho haliioni. Vidole vitupu visikimbizwe ndani, maana kilichotoboa mpira hakitauhurumia mkono. Mwiba utolewe kwa koleo, mzima. Ukikatika na ncha ikabaki, kazi yote ni bure.

KUKIBANDIKA KIRAKA

Tyubu ikaushwe. Mahali pa tundu pasuguliwe kwa msasa, kupita kidogo ukubwa wa kiraka, mpaka mng'ao wa mpira uishe. Mstari wa maungio ya tyubu ukipita hapo usawazishwe, la sivyo upepo utapenya chini ya kiraka kama maji chini ya mkeka. Vumbi lipanguswe, na vidole visiguse tena mahali hapo.

Gundi ipakwe kwa wembamba. Kisha ni lazima kungoja, na hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Gundi ya mpira haishiki ikiwa maji. Hushika ikiisha kukauka karibu kabisa. Dakika tano hivi hutosha kwa kawaida, mpaka mng'ao uishe na kidole kikigusa pembeni kisilowe. Kwa wakati huo asiwepo mtu wa kuvuta sigara karibu, kwa kuwa gundi hiyo hushika moto upesi.

Karatasi ya kiraka iondolewe, kiraka kiwekwe katikati ya tundu na kukandamizwa kwa nguvu kuanzia katikati kwenda pembeni, ili upepo usibaki chini yake. Vumbi la chaki lipakwe pembeni ili tyubu isigandamane na tairi. Wako mafundi wanaotumia kiraka cha moto; nacho ni kizuri sana kikifanywa kwa kiasi, bali moto ukizidi huunguza tyubu pande zote za kiraka, na tyubu hupasuka hapo baadaye.

Tyubu ijazwe tena kidogo na kuzamishwa majini mara ya pili. Huenda mwiba mmoja ulitoboa mara mbili.

KURUDISHA KILA KITU MAHALI PAKE

Tyubu itiwe upepo kidogo tu, ili ishike umbo lake isijikunje. Valvu iingizwe kwanza katika tundu lake, na tyubu ipangwe ndani ya tairi. Ukingo wa tairi uanze kurudishwa upande ulio mkabala wa valvu, na kumalizikia penye valvu, na ule uliokwisha ingia ukae ndani ya bonde. Mtaimbo usiingizwe ndani sana, maana ndiyo nafasi ya kuibana tyubu mpya na kuitoboa. Valvu isukumwe juu kidogo kisha ivutwe, kuhakikisha kwamba tyubu haikukamatwa chini ya ukingo.

Upepo ujazwe polepole. Ubavuni, karibu na rimu, kuna mstari mwembamba uliozunguka tairi. Mstari huo uwe na umbali ule ule kutoka kwenye rimu pande zote. Ukizama mahali fulani, tairi halijakaa, na gurudumu litarukaruka. Upepo utolewe, sabuni ipakwe, ujazwe tena.

Baada ya hayo huja jambo ambalo ni kubwa kuliko kiraka. Nati ya ekseli ikazwe barabara, na pini yake irudishwe ikiwa ilikuwapo. Cheni ikazwe kwa kiasi chake. Fimbo ya breki ifungwe, pamoja na kile chuma kinachoizuia sahani ya breki isizunguke na gurudumu. Chuma hicho kikisahauliwa, siku breki itakapokanyagwa sahani yote itazunguka, na gurudumu laweza kukwama ghafula. Basi gurudumu lizungushwe kwa mkono, breki ikanyagwe mara kadhaa, na ndipo pikipiki ipandwe. Upepo upimwe tena baada ya safari fupi, na asubuhi yake.

TAIRI LISILO NA TYUBU, NA DAWA YA MAJIMAJI

Pikipiki nyingine zina rimu ya kipande kimoja isiyo na spoki, na tairi lao halina tyubu. Tairi hilo likiingiwa na msumari, upepo hutoka polepole, maana msumari wenyewe huziba. Usitolewe mpaka fundi awe tayari na vyombo. Kamba ya mpira inayochomekwa kutoka nje humfikisha mtu nyumbani. Matengenezo ya kudumu ni kulitoa tairi na kuziba kutoka ndani. Tundu la ubavuni lisizibwe kamwe, kwa kuwa ubavu hukunjika kila mzunguko na kiraka hakiwezi kudumu.

Iko pia dawa ya majimaji inayotiwa ndani kabla ya safari. Hufaa kwa tundu dogo la mwiba lililo chini ya meno, nayo ni msaada katika nchi ya miiba. Lakini haizibi mpasuko, wala tundu la kubanwa na rimu. Zaidi ya hayo humficha adui: mwiba hubaki ndani, na mwenyewe husafiri bila habari. Anayeitumia akague tairi lake zaidi, si kidogo.

FAIDA YA MAARIFA HAYA

Mwendeshaji aitwa usiku wa manane kumpeleka mama mwenye uchungu wa kuzaa, na njia ni kilomita kumi za mawe. Wakati huo hakuna fundi aliye macho, wala duka lililo wazi. Ikiwa asubuhi ya siku ile alilizungusha tairi lake na kuutoa ule mwiba mdogo, atafika. Ikiwa aliona uvivu, mama yule atangoja kando ya njia gizani, na hakuna nauli iwezayo kulipa kungoja huko.

Pikipiki haina ulimi wa kusema na mwenyewe. Lakini tyubu yake, kwa tundu dogo kama ncha ya sindano, humweleza kama alibeba mzigo kupita kiasi, kama alisahau kupima upepo, au kama spoki zake zimechomoza. Fundi mwema ni yule anayelisoma tundu hilo kabla ya kuifungua chupa ya gundi.

MASWALI YA KUJARIBU MAARIFA

1. Kwa nini upepo upimwe asubuhi, kabla ya safari?
2. Tyubu ikiwa na matundu mawili yaliyo sambamba, ni kosa gani lililofanyika, na dawa yake ni nini?
3. Alama ya chaki mkabala wa valvu ina faida gani?
4. Gundi ya mpira ingojwe mpaka iweje kabla ya kuweka kiraka?
5. Taja vitu vitatu vya kukaguliwa gurudumu likiisha kurudishwa, kabla ya kupanda.